Wasiopanda Juu

Sindano zimo kabatini tangu Machi,
zimepakwa grisi, zimefunikwa kama visu vya marehemu.
Edelmira Nahuelquín akiamka bado
kidole gumba kinabonyeza hewa:
samaki, tumbo, tone; samaki, tumbo, tone,
maelfu kwa zamu moja,
wamelewa nusukaputi, baridi kama sabuni,
kila mmoja akipita mkononi mwake
mara moja tu maishani.

Kuchanja alikujua. Kuni za jiko alizichanja mwenyewe,
samaki akawachanja miaka kumi na mitatu,
hadi kifundo cha mkono kikavimba
na daktari wa Castro akamwandikia mafuta ya kuchua
na mapumziko,
ambayo hayauzwi duka lolote la Chiloé.

Sasa chanjo haichanji.
Imekuja ndani ya magunia yenye mstari wa kijani:
punje za kahawia, zinanuka dagaa,
na katika mafuta yake, wamesema, kuna kirusi kilichouawa,
kimevikwa koti
ili tumbo lisikiyeyushe kabla hakijafika kinakotakiwa.
Wenceslao wa mashine ya kulisha amelielewa hivi:
"Ni shati la mwizi. Mbwa wanuse,
wamjue akija."

Mwizi mwenyewe walikwisha kumjua.
Mwaka ule matamvua yalipauka rangi ya uji,
macho yakatokeza,
mashua zikabeba mizoga siku kumi na moja,
zilipomaliza mizoga zikabeba watu.
Mume wa Edelmira akaenda kaskazini, migodini.
Akatuma pesa, kisha salamu,
kisha hakutuma.
Usimwambie, basi, kwamba kirusi ni kitu kidogo.

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga ubavuni,
bomba linakohoa punje juu ya kizimba cha saba.
Maji yanachemka samoni.
Wenye nguvu wanapanda, wanapigana vikumbo,
wanameza kinga mara mbili, mara tatu ya fungu lao.
Edelmira haangalii hao.
Ameinamia skrini ya kamera ya chini,
mita kumi na mbili, kijani kizito,
wako wale,
wembamba, kichwa kimeuzidi mwili,
wanaelea kando ya wavu
na punje zinawapita kama barua za jirani.

Mgonjwa haulizwi uji, husema watu.
Huyu anaulizwa.
Punje kwa punje anaulizwa,
na jibu lake linazama topeni.

Sindano haikuuliza.
Ilimfikia mbabe na mnyonge kwa tone lile lile,
nani ana hamu, nani hana, haikujali.
Hicho nacho mkono wake unakikumbuka,
si maumivu peke yake.

"Tisini kwa mia wamekula!" Wenceslao anapaza sauti. "Tisini!"
Ni habari njema. Anajua ni habari njema.
Anaiandika daftarini, tisini, kwa mwandiko mzuri,
kisha anamwambia azime bomba,
wababe washibe, watawanyike,
aliwashe tena polepole, upande wa wavu,
konzi moja moja.

"Nani kaagiza?"

"Hakuna."

Anamtazama. Anafuta mvua usoni. Anazungusha swichi.

Bomba linakohoa kidogo.
Punje moja inashuka ikizunguka,
mita tisa, mita kumi,
inafika mbele ya mdomo mwembamba
nao unafunguka.

Yaweza kuwa pumzi tu.
Samaki hupumua kwa mdomo huo huo.

Edelmira ameshika kalamu juu ya karatasi,
tone la maji limeanguka kwenye tisini,
wino unatanda,
na yeye bado anatazama.